Kadi Zilizofunikwa

"Hujafunika kadi, umeniziba mdomo," mtunza picha alimwambia mchumba wake, mwalimu wa darasa la sita, mbele ya wanafunzi thelathini na wanane waliokaa sakafuni katika jumba la sanaa.

Chini ya kila picha palikuwa na kadi ya maelezo. Mtunza picha alikuwa amezitunga kwa wiki tatu. Asubuhi hiyo mwalimu alizifunika zote kwa vikaratasi vya kubandika, bila kumwuliza mtu.

"Watoto wakiona maandishi wananakili," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Picha hawaitazami. Nilitaka watazame kwanza."

"Kuniuliza ndiko kulikokushinda?"

Kosa lilikuwa la mwalimu. Walikuwa wamependana mwaka mzima, tangu siku mwalimu alipokuwa akibishana na mlinzi mlangoni kwa kuleta darasa bila barua ya ruhusa, mtunza picha akashuka ngazi, penseli imechomekwa kwenye nywele, akawaingiza wote. Leo mtunza picha alimwambia achukue wanafunzi wake aondoke. Ndoa nayo ingoje mpaka ajifunze kuheshimu kazi ya mwenzake.

Siku nne mtunza picha hakupokea simu za mwalimu. Mama yake alimwambia wazi kwamba mwanamume asiyeuliza ni tatizo, na mwanamke asiyesikiliza ni tatizo la pili.

Siku ya tano ikaja shule nyingine, kadi zikiwa wazi tena. Wanafunzi walikimbilia kadi, wakaandika mbiombio, wakahamia picha inayofuata. Mtunza picha alimsimamisha msichana aliyefunga sweta kiunoni.

"Huyo mama wa kwenye picha nyuma yako anafanya nini?"

Msichana akafungua daftari. "Rangi ya mafuta juu ya turubai. Sentimita tisini kwa sitini."

"Sikukuuliza hivyo, mwanangu. Geuka."

Akageuka, akatazama kwa muda. "Anashona. Lakini macho hayako kwenye sindano. Kuna mtu anaingia mlangoni, na anamfurahia."

Wiki tatu nzima mtunza picha hakuwa ameliona hilo. Alikwenda pembeni akapiga simu.

"Nisamehe, mpenzi," mwalimu alitangulia kusema. "Ningekuuliza kwanza."

"Ungeniuliza, ndiyo. Na mimi ningekukatalia, hapo ndipo kosa langu lilipo. Kadi nazipeleka kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kutokea. Watasoma wakishatazama. Uko wapi?"

"Ofisi ya walimu. Nasahihisha."

"Weka kalamu chini. Tangazo letu la ndoa bado halijaisha muda, na msajili anafunga saa kumi. Mimi nakuuliza kwanza, uone kulivyo rahisi: unakuja au huji?"

Walimu wenzake walisikika wakicheka.

"Nakuja. Ila shati langu lina wino."

"Njoo nalo."

Saa tisa na robo walisimama mbele ya dirisha la msajili, vitambulisho mkononi. Fomu ilikuwa moja na kalamu moja. Mwalimu alimwuliza mchumba wake nani aanze kutia sahihi.

Mtunza picha akachukua kalamu, akaanza yeye.