Keki ya Paskalia

Mahafali ya kidato cha nne huku kwetu Mgeta si jambo dogo. Siku hiyo hakuna anayekwenda shamba. Njegere zimekomaa zinakungoja, kabichi nazo zinakungoja, na wewe umevaa kitenge cha sare na ndugu zako, mkono mmoja shada la maua ya plastiki, mkono mwingine ndoo yenye blanketi ndani, unateremka kwenda shuleni huku vigelegele umeshavianza tangu mlangoni kwako. Mtu asikudanganye kwamba mahafali ni ya watoto. Ni ya mama zao.

Mwaka jana dada yangu Eufrazia naye alikuwa na kitenge chake. Alikishona mapema, mwezi wa pili, wakati Paskalia, mwanawe wa pekee, yu hai. Mwezi wa nne mvua za masika zikazidi. Paskalia akatoka nyumbani asubuhi kwenda shule, na daraja la magogo likachukuliwa na mto yeye akiwa katikati. Rafiki yake Winfrida alikuwa ameshavuka. Tangu darasa la kwanza walikuwa wakienda na kurudi pamoja, Winfrida mbele, Paskalia nyuma, kwa sababu Paskalia alipenda kusimamasimama njiani kutazama vitu visivyo na maana. Tulimpata kesho yake, bondeni kabisa, amejaa mchanga mdomoni. Eufrazia mwenyewe ndiye aliyeutoa ule mchanga, kwa upindo wa khanga yake. Tukamzika. Nikisema tulimzika nimesema yote, maana sina nguvu ya kueleza zaidi.

Basi mahafali yalipokaribia, wanafunzi wenzake wakamwendea mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Severin, wakaomba Paskalia awekewe kiti. Mwalimu ni mgeni wa kutoka Kilimanjaro, mtu mwema, hajui ya kwetu. Akaona ni jambo la upendo. Majoho yakakodiwa Morogoro mjini, na la Paskalia likawemo. Eufrazia alipoambiwa alilia sana, halafu akaenda kukitoa kile kitenge. Mimi nilifurahi. Niliona afadhali atoke, aonekane na watu, maana tangu msiba alikuwa ameacha hata kugombana na mimi.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. MC kutoka mjini alikuja na spika mbili kubwa na miwani ya jua, huku juu ambako jua lenyewe tunalisikia kwa majirani. Wahitimu wakaingia kwa ule mwendo wao wa maringo, wawiliwawili, hatua mbele, hatua nyuma, na akina mama wakawavamia kuwatunza na kuwavisha mashada mpaka mkuu wa shule akachukua kipaza sauti kutuomba tukae. Winfrida aliingia peke yake. Pembeni yake aliacha nafasi ya mtu mmoja, na kila alipogeuka kucheza aliilinda asiikanyage.

Kukawa na risala, kukawa na igizo, kukawa na onyesho la mavazi ambalo padri alilitazama kwa kuinamisha kichwa. Kisha ikaletwa keki.

Kwenye keki kuna utaratibu wake. MC anaita jina, mhitimu anachukua kipande anamlisha mzazi, kisha mzazi naye anamlisha mhitimu, watu wanashangilia. Kwa Paskalia ilipangwa kwamba Winfrida amlishe Eufrazia, na Eufrazia amlishe Winfrida, yaishe. Winfrida akamlisha vizuri. Eufrazia akachukua kipande chake. Lakini badala ya kumgeukia Winfrida, akakigeukia kile kiti kilichotandazwa joho.

"Paska," akasema. "Njoo ule, mwanangu. Mama nimekuja."

Watu walilia. MC akapunguza muziki. Mwalimu Severin akavua miwani akafuta macho. Ni sisi wa ukoo tu tuliopigwa na ubaridi. Kwetu aliyekufa huitwa kula na mjomba, kaburini, kwa unga na pombe, na akishamaliza mjomba huyohuyo humwambia arudi akalale. Mama hamwiti mwanawe kamwe. Aliyeita ndiye anayesikilizwa wakati wa kurudisha, na wazee waliotangulia walijua kwamba hakuna mama atakayeweza kumfukuza mtoto wake. Kaka yetu Laurenti, mjomba wa Paskalia, angemzuia. Siku hiyo alikuwa Dumila na mzigo wa kabichi.

Eufrazia alinyoosha mkono mbele ya kiti. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani kama kila alasiri, umefika mpaka kwenye spika. Mkono uliporudi, keki haikuwepo. Nilitazama chini. Nilitazama kitini. Hapakuwa na hata chembe.

"Imeanguka, dada," nikamnong'oneza.

"Haijaanguka. Amening'ata kidole, kidogo tu. Alikuwa na njaa."

Alikuwa anatabasamu. Upindo wa lile joho ulikuwa unachuruzika maji.

Baada ya mahafali wanafunzi wa kidato cha nne waliendelea kusoma, maana mtihani ulikuwa bado. Winfrida akitoka shule alikuwa akipita kwanza nyumbani kwa Eufrazia, ndipo apande kwao. Nikaanza kusikia kwamba dada yangu anapika vizuri, anafagia uwanja, anaimba. Jioni moja nikampelekea njegere nimwone kwa macho yangu. Nilikuta amepakua sahani mbili.

"Unamngoja nani?" nikamuuliza.

"Watoto si wanatoka shule sasa hivi," akanijibu, bila hata kunitazama.

Nikatoka uwanjani. Winfrida alikuwa anapanda njia, kichwa chini, mkoba umemwelemea. Nyuma yake ukungu ulikuwa na mtu. Winfrida alikuja moja kwa moja. Yule wa nyuma hakuja moja kwa moja. Alisimama penye jiwe. Akasogea. Akasimama penye maua ya porini, akayainamia.

Winfrida alinipita bila kunipa shikamoo, yeye ambaye shikamoo yake huanza ukiwa bado mbali. Midomo yake ilikuwa imekauka. Aliendelea kupanda kwenda kwao. Nikasikia hatua nyingine zikikata kona kuelekea mlangoni kwa dada, hatua za viatu vilivyojaa maji. Eufrazia akafungua mlango, akaufunga. Ndani nikasikia kijiko kikigonga sahani, na dada yangu akicheka kwa sauti ndogo. Njegere niliziacha palepale chini.

Haikuchukua muda Theresia, mama yake Winfrida, akaja kwangu na kitambaa kilichokunjwa. Alikikunjua mezani. Kilikuwa na mchanga, ule mweusi unaometameta wa mtoni.

"Mwanangu anaukohoa huu," akasema. "Hospitali wamempiga picha wanasema kifua ni kisafi. Mama mdogo, mtoto anakwisha."

Laurenti aliporudi nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu, ni nani aliyeita. Nilipomtajia, alikaa chini kwenye udongo na nguo zake za safari. Kesho yake alikwenda kaburini na unga na pombe, akamwambia Paskalia arudi akalale. Jioni hiyo Winfrida alikohoa mpaka akazimia.

"Hanisikii," Laurenti akaniambia. "Si mimi niliyemwita. Na hana miguu yake yule, anatembelea ya mwenzake. Ile njia waliizoea wawili. Huyu naye pumzi ikimwishia, watakuwa wanaipita wawili kila siku."

Tulikwenda kwa Eufrazia. Alitusikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nimemzika mara moja," akasema. "Mnataka nimzike tena? Kwa mdomo wangu?"

Nawaambieni ukweli, mwenzenu nilitamani tusimame tuondoke, tumwachie mtoto wake. Nilimpenda Paskalia. Nilikuwa nikimsuka nywele zake tangu hazijatosha kusukwa. Lakini Theresia, ambaye tulikwenda naye tukamwacha nje, aliingia bila kubisha hodi, akapiga magoti, akakikunjua kile kitambaa sakafuni mbele ya dada yangu.

Eufrazia aliutazama ule mchanga. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akausugua. Aliujua.

"Nifundisheni la kusema," akasema.

Laurenti akamfundisha. Asimtaje jina. Asimwite mwanangu. Amwambie hapa si kwao, arudi alikolazwa. Na mlango asiufungue.

Jioni tukakaa ndani sisi ndugu watatu, komeo limefungwa. Ukungu ukaingia uwanjani, dirisha likawa jeupe. Tukamsikia Winfrida, ambaye hakukubali kuacha shule mtihani ukikaribia, akipita kwa kukohoa. Halafu zile hatua nyingine. Zikasimama. Zikasogea. Zikafika.

Mlango ukagongwa, taratibu, kama alivyozoea.

"Mama."

Ilikuwa sauti yake. Niliisikia kwa masikio yangu haya. Nilijiuma mkono nisiitike mimi.

"Mama, mbona umefunga?"

Eufrazia alikuwa amesimama kifua kimeugusa mlango. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Laurenti akamtikisia kichwa asifungue.

"Mama. Nimekosa nini?"

"Hapa," dada yangu akaanza. Sauti ikakatika. Akaanza tena. "Hapa si kwenu."

Zile hatua hazikusogea.

"Rudi ulikolazwa."

"Kule kuna baridi, mama."

Mkono wa Eufrazia ukapanda kwenye komeo. Laurenti hakumshika. Mimi sikumshika. Jambo lile lilikuwa lake peke yake. Mkono ulikaa pale juu ya chuma, na nje kulikuwa na mtu anapumua. Kisha ukashuka.

"Rudi," akasema.

Kitu kikauegemea mlango kwa nje, ubao ukalia kidogo.

"Haya, mama," Paskalia akasema.

Alikuwa mtoto msikivu. Hatua zikashuka uwanjani, zikashika njia ya makaburini, na safari hii hakusimama popote. Eufrazia aliteleza mpaka chini, tukamkumbatia mimi na kaka yake, na sauti aliyoitoa sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Winfrida alipona. Alifanya mtihani, akafaulu, akapangiwa kidato cha tano mbali na huku. Alipokuja kuaga alinipa shikamoo yake tokea mbali, nami nikamwitikia vizuri, ingawa moyoni niliumia kumwona anakuja peke yake. Theresia hupanda kila Jumapili na mboga au mayai, anaviweka kwa Eufrazia, hakai sana. Hawana la kuzungumza wale wawili.

Dada yangu anaishi. Analima, anakula, na siku hizi ananigombeza tena, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo. Lakini jioni, watoto wakianza kutoka shule, ananiomba niende zangu. Anajifungia, anasimama nyuma ya mlango na kuuegemeza uso pale, paji la uso kwenye ubao, mpaka giza liingie. Ndani mahali hapo pameanza kung'aa kwa kuegemewa.

Na nje, usawa uleule, kuna alama ya duara ya unyevu, ukubwa wa paji la uso. Ilitokea asubuhi baada ya jioni ile tuliyomrudisha Paskalia. Laurenti ameupiga ule ubao randa, ameupaka rangi, na kiangazi kimepita juu yake. Inarudi. Yeye sasa akifika hupitia mlango wa jikoni.

Wiki iliyopita nilipita pale asubuhi, Eufrazia yuko shambani. Kulikuwa na ubaridi wa kuumiza mifupa, na nyasi zote zina umande. Nikaiwekea ile alama kiganja changu. Ilikuwa na joto la mtu.