Kompyuta Iliyosahau Tarehe

Jengo la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu. Redio za kila kibanda zilishindana kwa kelele, na mtarizi alipenya katikati amekumbatia sipiyu kuukuu ya kompyuta iliyofunikwa shuka, utadhani amebeba mgonjwa. Gauni lake la bluu lilikuwa na maua ya uzi mweupe shingoni, kazi ya mikono yake mwenyewe, na vumbi lilikuwa limeshayaharibu.

"Dada, hiyo ulirithi kwa babu?" fundi mmoja alimcheka.

Aligeuka kwa hasira, na kona ya sipiyu ikamgonga mtu kifuani.

"Samahani, kaka."

"Hakuna neno, imenipiga mhuri tu." Alikuwa fundi mrefu, shati limenyooka, bisibisi nyuma ya sikio. Akafunua shuka. "Inaendesha nini?"

Hakuna mwingine aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Mashine yangu ya kutarizi. Programu yake haikubali kompyuta nyingine. Ikifa hii, nami nimefunga kazi."

"Basi haifi," alisema fundi, akampokea mzigo.

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Ukuta mzima ulijaa uzi wa kila rangi, na dirishani alikaa shangazi wa mtarizi, akishona vifungo. Fundi akaunganisha nyaya.

"Ukiwasha tu, bonyeza kitufe cha Del. Maandishi ya mwanzo yakishapita, umeachwa."

Mtarizi akabonyeza mara moja, kwa adabu. Maandishi yakapita, skrini ikaganda ikidai haioni diski.

"Hivyo ndivyo unavyobisha hodi?" fundi alicheka. "Gonga kama mvua imekukuta nje!"

Safari hii akagonga mfululizo, na ukurasa wa bluu wa mipangilio ukafunguka. Akamwonyesha pa kurekebisha tarehe, pa kuitafutia diski, kisha kitufe cha F10 cha kuhifadhi na kutoka. Baada ya muda sindano ikaanza kucheza juu ya kitambaa.

"Ukiizima itasahau tena. Ikikusumbua, nipigie."

Fundi alijua tatizo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti, inayoifanya ikumbuke saa na mipangilio yake, na hii ilikuwa imekufa. Hakuwa na nyingine mkononi. Alipanga kuileta kesho yake.

Asubuhi simu ikalia.

"Fundi wangu, imeniacha tena."

"Zima. Ngoja feni inyamaze. Sasa washa, gonga, gonga, gonga!"

"Imefunguka!" Akacheka, na kicheko hicho kikabaki sikioni mwa fundi mpaka jioni. Betri aliinunua siku hiyohiyo. Akaitia kwenye mfuko wa shati, na kila asubuhi akaihamishia shati jingine.

Simu zikarefuka. Mtarizi alishajua njia yote, ila vidole vyake vilichelewa, au alipenda kumsikia fundi akimhesabia gonga, gonga, gonga. Shangazi alikuwa na lake: "Huyo anatengeneza kompyuta au anatengeneza ndoa?"

"Shangazi, atakusikia!"

"Ndiyo nataka."

"Leo inasema tuko mwaka gani?" fundi aliuliza asubuhi moja.

"Uleule wa zamani, kama kila siku."

"Mwaka huo wewe ulikuwa wapi, mrembo?"

"Nilikuwa nimeolewa. Mume wangu alikaa na ufunguo wa geti mfukoni. Nikitaka kutoka, nimwombe. Hakunipiga hata siku moja. Alipenda tu niombe."

Fundi akagusa mfuko wa shati. Kesho, alijiambia. Kesho ikaja, simu ikalia, naye akahesabu: gonga, gonga, gonga.

Siku mtarizi aliyotakiwa kumaliza jezi za timu moja ya mpira, umeme ulikatika mchana. Uliporudi, simu ya fundi haikupatikana, kwani alikuwa kwenye ghala la chini ya ardhi akitengeneza mitambo ya mteja. Kwa haraka aliyokuwa nayo, mtarizi akawa anachelewa kugonga kila anapowasha. Shangazi akashuka kumwita jirani yao, dada mwenye duka la uchapaji.

Mchapaji akaingia kwenye ukurasa wa bluu, akatazama tarehe. "Kila ukizima inasahau? Dada, hii ni betri ya saa tu. Hata mimi naibadilisha. Fundi wako hakukwambia?"

Jua lilipokuwa linazama fundi akapanda ngazi mbiombio, jasho likimtoka. Hakukaribishwa kiti.

"Betri ya saa ni nini?" aliuliza mtarizi.

Angeweza kudanganya. Akaitoa mfukoni, pakiti yake imechakaa pembeni. "Niliinunua siku ya pili. Ningeiweka, usingenipigia."

Shangazi akaweka sindano chini.

"Nilikueleza habari ya geti," mtarizi alisema polepole. "Ukanisikiliza. Kesho yake ukaniacha nikuombe tena."

"Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite hivyo leo. Nionyeshe inapokaa, halafu uende."

Akamwonyesha. Mtarizi akaisukuma mwenyewe kwa kidole mpaka ikaingia. Usiku fundi alituma ujumbe mmoja: "Uliyosema ni kweli. Sina la kujitetea." Kisha akanyamaza, kwa sababu aliona hata kumbembeleza kungekuwa kumsumbua.

Kompyuta ikawa inawaka bila kuuliza kitu. Asubuhi zikawa kimya, na mtarizi alijikuta kidole kiko juu ya Del, hakina kazi.

"Umemkumbuka," alisema shangazi.

"Nimemkasirikia."

"Sikukuuliza hilo."

Mtarizi akampigia fundi. "Mle ndani kuna kurasa hukunionyesha. Nataka kuzijua zote."

Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi, mikono nyuma, hakuigusa kibodi. Alieleza kila mstari mpaka wakafika pa kuweka neno la siri.

"Ukiliweka, hakuna atakayeingia humu bila wewe. Hata mimi."

Bila kuambiwa, fundi akaenda dirishani, akawapa mgongo. Mtarizi akaandika taratibu.

"Nikilisahau je?"

"Itoe ile betri kwa muda, neno litafutika. Inapokaa unapajua."

Mtarizi akamtazama mabega. Hakuwa amebakiza kitu mfukoni. "Geuka," alisema. "Hasira haijaisha."

"Najua."

"Kesho nipigie wewe."

"Nikwambie nini? Kompyuta ni nzima."

"Hapo ndipo utakapojua kazi."

Kesho yake simu ililia mtarizi akiwa bado anafunga kilemba. Akaiacha ilie kidogo, ndipo akapokea.

"Nimetafuta maneno," fundi alisema, "nikaona hayasemeki kwenye simu. Niko chini, mlangoni pa duka la viatu. Nataka kukuuliza jambo, na ukikataa nitaondoka kwa amani. Nipande?"

Mtarizi akachungulia dirishani. Fundi alikuwa amesimama katikati ya wapita njia, anakwepa mabega yao, macho juu.

"Usipande," alisema. "Ngoja hapohapo. Nashuka mwenyewe."