Kilio cha Uwanjani

Katika kisiwa cha Stennay, nyumba ya Thora ilipakana na uwanja wa ndege. Ukuta wa mawe ndio uliokuwa mpaka. Upande huu kabichi na kuku, upande ule nyasi fupi na njia ya ndege. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, mali ya halmashauri. Jirani yake Mansie ndiye aliyeutunza. Ndege ikitarajiwa, alikuwa mtu wa zimamoto. Ikishaondoka, alirudi kwa kondoo wake. Kila alipopita kwa Thora alimwachia gazeti chini ya jiwe, lisipeperushwe na upepo.

Thora alikuwa mjane. Mumewe, Davie, alikwenda kutega kaa, na mashua ikarudi bila mtu. Wazee wa kisiwa husema kwamba roho za waliozama huingia katika shakwe, wale ndege weupe wa pwani. Basi tangu mwaka ule, Thora alipopasua samaki, vichwa na matumbo aliviweka juu ya ukuta.

"Fungu lako hilo, Davie," alisema. Shakwe wakashuka kula.

Majira ya baridi yalipokaribia, alianza kusikia kilio.

Kilitoka uwanjani, ndani ya ukungu. Kilikuwa kirefu na chembamba, kama cha mtu anayeburutwa. Kililia, kikanyamaza, kikalia tena mahali pengine. Mbwa wake alilaza tumbo sakafuni asitoke. Kisha ndege ya abiria ilitua, na baada yake kimya.

Thora hakumwambia mtu. Aliwaza: Davie ana njaa. Akaongeza matumbo ukutani. Kesho yake kilio kikazidi. Akaongeza tena.

Inga, binti yake, alikuwa amekuja kukaa naye. Alikuwa na mimba kubwa, na mume wake yuko kazini baharini.

"Mama, leo tena ndoo nzima?"

"Baba yako analia njaa."

"Baba alikuwa hagusi hata supu ya vichwa vya samaki," alisema Inga. "Leo ndiyo ale matumbo?"

Thora hakucheka. "We ngoja ufiwe," alisema, kisha akajutia maneno yale. Akamfunga bintiye skafu vizuri shingoni.

Stennay hakuna hospitali. Wajawazito wote hupanda ndege mapema, wakajifungulie mjini. Siku ya safari ya Inga, uchungu ulianza kabla ya chai. Muuguzi wa kisiwa aliwapeleka kwenye kibanda cha abiria, akamkalisha Inga karibu na jiko la moto.

"Mtoto kalala vibaya," alimnong'oneza Thora. "Huyu hawezi kuzalia hapa. Lazima apande ndege hii."

Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Ndege ikaonekana, ndogo, yenye mapangaboi mawili, ikishuka. Ndipo ukuta wa Thora ukainuka. Hivyo ndivyo alivyoona: kama shuka jeupe linalovutwa na mtu asiyeonekana. Shakwe kwa mamia wakatanda mbele ya ndege. Injini zikanguruma, ndege ikapanda juu, ikapotea. Ukungu ukashuka nyuma yake kama mlango.

"Atajaribu tena ukungu ukifunguka," alisema muuguzi.

Kilio kikaanza.

Thora alitoka. Hakuona hata miguu yake mwenyewe. Alikifuata kilio kando ya ukuta wake. Kilikuwa mbele, kisha upande wa kulia, kisha karibu kabisa.

"Davie," aliita. "Nimekupa chote nilicho nacho. Mwache mtoto apite."

Taa ya njano ilizunguka ndani ya ukungu. Akaona gari limesimama, mlango wazi, ndani hamna mtu. Kilio kilitoka garini. Akashika boneti asije akaanguka.

"Mama Thora? Unafanya nini huku? Ndege ingekukanyaga."

Alikuwa Mansie, akitokea ukutani, alikokuwa akiwafukuza shakwe kwa jembe. Akaingiza mkono garini, kilio kikakatika.

"Ni nani huyo anayelia?" Thora aliuliza.

"Ni shakwe. Sauti ya shakwe aliyekamatwa, imerekodiwa. Halmashauri walituletea kipaza sauti hiki baada ya kiangazi. Wenzake wakisikia, huogopa na kuhama. Shakwe mmoja akiingia kwenye injini, ndege inaweza kuanguka. Ndiyo maana kila kabla ya ndege nazunguka." Akasita. "Ila hawa wa kwako hawahami. Nikiwatisha, wanarudi kula."

Kumbe kadiri Thora alivyosikia kilio ndivyo alivyolisha, na kadiri alivyolisha ndivyo Mansie alivyoliza kipaza sauti.

"Mbona hukuniambia?"

Mansie aliinamisha kichwa. "Nilimjua Davie. Niliona unachokifanya ukutani. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia hivyo hivyo, mwanangu. Na mimi ningeuliza. Kuuliza si ujinga. Lete ndoo."

Wakakusanya matumbo yote, wakafunika ndoo, wakausugua ukuta kwa maji. Thora alipofuta jiwe la mwisho, mkono ulimganda. "Basi nimnyime?" aliuliza polepole.

"Wavuvi wa kaa wanatafuta chambo kila siku," alisema Mansie. "Wape wao. Kitakwenda chini ya bahari, kwenye madema yao ya kutegea kaa."

Mansie akazungusha kilio mara moja tena. Safari hii shakwe waliinuka, wakaelekea bahari ya mbali, hawakurudi. Ukungu ulipofunguka, ndege ilitua. Inga alibebwa ndani, na muuguzi akampa Thora koti lake mwenyewe kwa kuwa Thora alikuwa amelowa.

Jioni simu ikalia. Ni mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Baadaye halmashauri iliitisha mkutano shuleni. Thora ndiye aliyesimama kwanza, akaeleza kosa lake bila kuficha. Sasa nyumba zote za kando ya uwanja zina ndoo zenye vifuniko, kwa matumbo na kwa mabaki ya jikoni. Anayesikia au kuona asichokielewa humpigia Mansie.

Kilio bado husikika kabla ya kila ndege. Mbwa bado hulala chini. Thora humpapasa, kisha huchukua ndoo yake hadi gatini. Huko wavuvi humwachia dema moja alijaze mwenyewe.

"Fungu lako, Davie," husema, na kuliachia majini.

Kamba hupita viganjani mwake, chini, chini zaidi. Kisha hutulia, kama kitu kilichopokelewa.