Bahasha Mbili za Majani ya Muhogo

Kila Jumamosi, akishatoka chuo cha Kurani, Rahila alikwenda Mtambile madukani, ambako shangazi yake, Bi Asma, alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha nyuma kilikuwa maabara. Cha mbele kilikuwa cha kupokelea wakulima, na hapo Rahila alikuwa na kazi yake: kuandika jina la mkulima juu ya bahasha, kisha kutia ndani majani ya muhogo aliyoyaleta.

Bi Asma alisomea biokemia, yaani kemia ya viumbe hai, akafanya kazi miaka tisa katika maabara kubwa Dar es Salaam. Kisha akaacha kazi, akarudi Pemba kufungua kampuni yake mwenyewe. Ndugu walinung'unika. Mtu anaachaje mshahara kwa ajili ya majani ya muhogo? Lakini yeye alijua kuwa ugonjwa wa michirizi kahawia huozesha muhogo chini ya ardhi huku majani yakionekana mazima, na kwamba mashine yake ya kupimia majani ingeugundua mapema. Mkulima aliyekutwa na ugonjwa aling'oa shamba. Aliyekutwa salama aliwagawia jirani pingili za kupanda.

Jumamosi moja walikuja watu wawili wa Kengeja, Mzee Jaribu na Bi Mwanawema. Rahila aliandika bahasha zao, akatia majani, lakini hakuzifunga. Rafiki yake Alina alikuwa mlangoni akimsimulia habari za harusi ya Madungu. Rahila alipogeuka amsikilize vizuri, kiwiko chake kilizikumba bahasha, na majani yakamwagika sakafuni mafungu mawili. Hakuweza kujua lipi ni la nani. Akayarudisha kwa kukisia, akafunga bahasha, akanyamaza.

Jumatano majibu yalitoka. Shamba la Mzee Jaribu lina ugonjwa. La Bi Mwanawema ni salama.

"Huenda nilipatia," Rahila alijiambia njiani kwenda shule. Darasani Mwalimu Haitham alimwita mara mbili asisikie. Kila alipofumba macho aliyaona yale majani sakafuni.

Alhamisi mchana, wakiwa wanakula, mama yake alisema, "Nimepita Kengeja. Masikini Mzee Jaribu, keshaanza kung'oa. Kesho baada ya sala ya Ijumaa wanawe wanakuja wamalize. Na Bi Mwanawema anafunga pingili za kugawa nyumba saba."

Rahila alirudisha tonge sahanini. Aliomba ruhusa, akaenda mbio hadi maabara. Bi Asma alikuwa akiosha vioo.

"Shangazi, yale majani ya Kengeja yalimwagika."

Bi Asma alifunga bomba. "Yalimwagika vipi?"

Rahila akaeleza yote. "Labda niliyarudisha sawasawa," alimalizia kwa sauti ndogo.

"Labda," Bi Asma alirudia. Hakumkaripia. Alikaa juu ya kigoda, akaitazama mikono yake. "Nikisema hili, Kengeja nzima itajua kwamba maabara yangu imekosea. Nani ataniletea majani tena?"

"Basi tuyapime tena kimyakimya, Shangazi. Hakuna atakayejua."

"Na mzee wa watu aendelee kung'oa?" Bi Asma akainuka, akavaa baibui lake. "Twende."

Walimkuta Mzee Jaribu shambani, jasho likimtoka. Mistari mitatu ilikuwa imeshang'olewa.

"Shikamoo, Mzee Jaribu. Naomba usiendelee. Kazi yangu ilikuwa na kosa," alisema Bi Asma.

Mzee alisimamisha jembe. Rahila akasogea mbele. "Ni mimi, babu. Mimi niliyachanganya majani, kisha nikanyamaza."

Mzee Jaribu alilitazama rundo la muhogo uliong'olewa. "Hii ilikuwa futari yetu ya Ramadhani, mjukuu wangu," alisema taratibu.

Kwa Bi Mwanawema waliwahi: pingili zilikuwa zimefungwa lakini hazijagawiwa. Walichuma majani upya katika mashamba yote mawili, na safari hii Rahila alifunga bahasha ya kwanza kabla ya kuigusa ya pili.

Jumamosi ukweli ukajulikana. Lenye ugonjwa lilikuwa shamba la Bi Mwanawema. Alilia, akang'oa, lakini mashamba saba ya jirani yakasalimika. Bi Asma aliwapelekea wote wawili pingili safi, na Rahila akazipanda kwa mikono yake, hata ile mistari mitatu.

Wiki tatu zilipita bila mkulima kubisha hodi. Bi Asma alifuta meza ambazo hazikuwa na vumbi, na Rahila alikaa akitazama mlango. Wiki ya nne akaja mtu mmoja na fuko la majani. "Nimetumwa na kaka yangu, Mzee Jaribu," alisema. "Kaniambia, hapa mkikosea mnasema."

Alipoondoka, Bi Asma alimkalisha Rahila karibu yake.

"Mashine yangu haijui jani ni la nani, mwanangu. Inauamini mkono uliotia majani kwenye bahasha. Kukosea utakosea tena, na mimi pia nitakosea. Lakini siku utakayokosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajashika jembe."

Rahila aliitikia kwa kichwa, akachukua kalamu, akaandika jina la mgeni juu ya bahasha mpya.