Vidole Kwenye Kioo cha Nyuma

Jua lilikuwa la utosi, lakini kioo cha nyuma cha gari lile kilikuwa na ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Fundi vioo alikipangusa kwa kitambaa. Ukungu haukutoka. Ulikuwa kwa ndani.

"Shemeji, ulimbeba nani huko nyuma?"

"Sijabeba mtu," alijibu shemeji yake, mume wa marehemu dada yake. Alikuwa amekonda mpaka mkanda wa suruali umemzunguka mara moja na nusu. Watu walisema ni majonzi, na fundi naye alisema hivyo hivyo, maana ndilo neno lililokuwa karibu.

"Na hii karatasi ya tinti? Aliyekubandikia alikuwa anabandika huku anafukuzwa?" Fundi alivuta kipande kilichobanduka kwenye kona. "Imejaa viputo kama chapati."

Zamani shemeji angemrudishia utani huo na riba juu. Leo hakutabasamu. "Nibandikie nyingine, nzito, na ubandike vizuri. Mwanga unaingia kwenye kona zote. Anafifia."

"Nani anafifia?"

"Dada yako."

Hapo mtu mwingine angeruka. Fundi hakuruka. Tangu dada yake akate roho kwenye kiti kile cha nyuma, gari likiwa limekwama kwenye foleni ya kuelekea hospitali, moyo wake ulikuwa kama fizi iliyopigwa sindano ya ganzi: unaigusa, unajua ni yako, basi. Msibani hakutoa hata chozi. Alibeba viti, akafunga maturubai, akaulizia kama maji yanatosha. Watu wakamsifu kwamba ni mwanamume.

Isitoshe, habari hizo alikwisha kuzisikia. Mama yake alikuwa amekwenda kwa mganga kuulizia ugonjwa wa mkwewe, akarudi na majibu ambayo hakutaka kuyasema kwa sauti.

"Si mwanangu yule," mama alimnong'oneza fundi jikoni. "Ni jini limeokota sura yake, na linammaliza mumewe kidogo kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mganga kasema halina nguvu penye mwanga. Bandua hizo tinti, kioo kikae wazi, litaondoka lenyewe. Lakini ukiwa karibu nalo funga mdomo. Kila neno linalolisikia, linaliokota." Akamshika mkono. "Mwokoe shemeji yako. Nimeshazika mmoja, sina nguvu ya kuzika wa pili."

Kwa hiyo fundi aliposema, "Sawa shemeji, nitakubandikia nzito," alikuwa anadanganya. Alikusudia kubandua tu. Akamwelekeza mgonjwa wake kwenye benchi la kivulini, akachukua wembe, chupa ya maji ya sabuni na mpira wa kukamulia maji, na roli la tinti nyeusi kwapani ili shemeji asishtuke. Tinti hubandikwa kwa ndani, na vumbi ni adui yake, kwa hiyo fundi huingia, akafunga milango yote, akapiga magoti kwenye kiti cha nyuma uso ukiwa kwenye kioo. Ndivyo alivyofanya.

Ndani kulikuwa na baridi.

Alianza kubandua kutoka kona ya kushoto, taratibu, asije akakata zile nyaya nyembamba za kuondolea ukungu. Mwanga ukaingia kama utepe. Kisha ikaja harufu: mafuta ya nywele, yale ya chupa ya kijani, ambayo dada yake alikuwa akiyapaka mpaka mto unateleza. Fundi akaendelea kubandua. Utepe wa pili. Kiti kikabonyea pembeni ya goti lake, kama kinavyobonyea mtu anapokaa, na pumzi ikapiga shavu lake, pumzi ya baridi, na ukungu mpya ukatanda kwenye kioo alichokwisha kukisafisha, na katikati ya ukungu huo, pasipokuwa na mkono wowote, alama ya kiganja cha kulia ikajichora polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kaka," ikasema sauti. "Unanifukuza?"

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na kile kimkwaruzo cha mtu aliyetoka kulala. Fundi aliutazama mkono ule kwenye kioo, akatazama gumba, akatazama vingine vinne, vyote virefu, vizima, vimetulia, na badala ya hofu zikampanda hasira.

"Wewe si Tisa," akanong'ona. "Tisa alikuwa na vidole tisa. Cha mwisho cha kulia kilikatwa na mlango wa kabati tukiwa watoto, kikabaki kigutu. Mimi ndiye niliyempa jina hilo. Wewe humjui!"

Neno likitoka halirudi. Alilisikia likitoka, akakumbuka onyo la mama yake pale jikoni, akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa. Kwenye kioo, kidole cha mwisho cha ile alama kilianza kufupika, pingili ya kwanza, kisha ya pili, kama mshumaa unaoungua, mpaka kikawa kigutu, na ngozi ya kigutu hicho ikajikunja upande mmoja kama ilivyojikunja ya dada yake, jambo ambalo hakuwa amelisema.

"Nisamehe, kaka," ikasema ile sauti. "Nilikuwa nimesahau. Ni mimi, Tisa."

Hakuna mwingine aliyelitamka jina hilo tangu msiba. Ganzi ikaachia ghafla, na maumivu yote yaliyokuwa yakingoja nyuma yake yakaingia kwa pamoja. Fundi alilia akiwa amepiga magoti, makamasi yakimchuruzika. Alijua ni uongo. Alijua ni yeye mwenyewe aliyeufundisha uongo huo namna ya kusimama. Kisha akaona kigutu kinafifia kwenye ule utepe wa jua, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akalikunjua lile roli la tinti.

Alifanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alikamua maji mpaka kwenye pembe, akapitisha wembe pembezoni, akatafuta viputo kwa ncha za vidole. Hakikupatikana hata kimoja.

Alipotoka, simu ikaita. Mama.

"Umebandua?"

"Nimebandua, mama."

"Alhamdulillahi. Atapona sasa?"

"Atapona."

Shemeji alikuwa tayari ameshika usukani, akimwangalia fundi macho yake yaliyovimba kwa kulia. Fundi akashika kitasa cha mlango wa mbele.

"Panda nyuma, shemeji," akasema mume wa dada yake kwa upole. "Hapendi kukaa peke yake."

Fundi akapanda nyuma. Mlango ukafungwa, mchana wote ukabaki nje. Mkono wa baridi ukatafuta wake pale kitini, ukaushika, na ganzi ikaanza kupanda tena, safari hii kutoka kiganjani. Akavihesabu vile vidole kwa gumba lake, kimya kimya.

Vinne na kigutu.