Mtu wa Majaribio

Kunja uso utakavyo. Wewe unayelala na simu chini ya mto, unayebonyeza "Kubali" kila ikikuuliza bila kusoma hata mstari, wewe ndiye wa kuniambia majini ni hadithi za kutishia watoto? Nyamaza usikilize. Ukimaliza kusikiliza, bisha.

Kulikuwa na kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Meneja wake waliyemwita Leo-Leo, kwa kuwa kila kitu alikitaka leo, alichoka kupanga zamu kwa mdomo. Akamwita fundi wa programu za simu, mwanamke mwepesi wa akili lakini mzito kuinuka kitini. Programu nzima Fundi aliitengenezea mezani kwake, penye feni na mtandao wa kasi, asikanyage chumba cha kukunjia hata kuuliza tu watu wanafanyaje kazi. Na mke wa kaka yake alikuwa akikunja mashuka mle mle!

"Wifi," huyo mke wa kaka alimlalamikia siku programu ilipoanza, "hicho kidude chako kina maswali kuliko mama yako. Kinataka sauti yangu, kinataka kamera, kinataka kujua niko wapi hata nikiwa chooni. Na kitufe cha 'Kataa' umekifanya kidogo kama chawa."

"Bonyeza 'Kubali' basi, yaishe."

"Haya, mwenye elimu."

Fundi alicheka. Kilichomkatiza kicheko kilikuwa kitu kidogo. Alasiri moja, akiwa anakunywa chai huku anatazama simu yake, aliona kwamba kati ya waliofika kazini yumo mtu ambaye hayupo.

Alimtunga mwenyewe zamani, ili ajaribie vitufe. Programu ilidai jina, akaandika Mtu wa Majaribio. Ikadai picha, akapiga ukuta mweupe. Asije akasumbuliwa kila mlango, akampa ruhusa zote: aingie chumba chochote, wakati wowote, bila mwisho. Kabla hajamtoa, Leo-Leo akasema leo, na programu ikaenda kwa watu yule mtu akiwa ndani. Ndiyo kazi yao mafundi hawa. Wanaumba mtu asiye na mwili, wanampa kazi na funguo, halafu wanamsahau. Nafasi tupu namna hiyo, unadhani itabaki tupu?

Fundi akafungua ile picha. Ukuta ulikuwa ule ule, ila sasa ulikuwa na unyevu, na unyevu ule ulikuwa na umbo la bega.

Akampigia wifi yake. "Leo umepangwa na nani?"

Nyuma zilisikika mashine za kukaushia zikinguruma.

"Na huyo wako, kama jana," wifi alinong'ona. "Jana nilidhani mwenzangu kachelewa. Nikashika pembe zangu mbili za shuka, nikangoja. Zile mbili nyingine zikanyanyuka."

"Toka humo!"

"Nilitoka jana. Kanifuata nyumbani, kakunja mashati ya kaka yako. Wifi, unajua tunavyokunja? Kila mkunjo mnasogeleana, mpaka mikono igusane. Jana kanigusa. Tangu hapo vidole vyangu havikauki."

Fundi akafungua picha ya wifi yake, ile ya tabasamu na kilemba cha kazini, akaona nusu ya uso imeshageuka ukuta.

Hakuhitaji kuelezwa. Bega lile lilikuwa linachotwa kwa wifi, na umbo likikamilika, wifi hatakuwepo.

Alipitia kwa mganga aliyekuwa akiishi mtaa wa nyuma, mama mmoja mwenye mkoba wa plastiki na hasira za karibu, wakaingia kiwandani pamoja, na kadiri walivyokaribia chumba cha kukunjia ndivyo harufu ya sabuni ilivyopungua na harufu nyingine ikapanda, harufu ya nguo iliyosahauliwa ikiwa mbichi ndani ya sanduku, na chini ya ngurumo ya mashine ikasikika sauti ya kitambaa kikikung'utwa, pa, kisha kimya, kisha pa, na walipofungua mlango wakamkuta wifi amesimama peke yake katikati ya chumba ameshika shuka, machozi yanamtoka bila sauti, na upande wa pili shuka limenyooka hewani, limekazwa, linamvuta taratibu kama mtu anayemwita mwenzake amalizie mkunjo.

"Siwezi kuachia," wifi alisema. "Mikono haifunguki."

Mganga akawasha ubani. Moshi ukaenda hadi katikati ya chumba, ukasimama, ukarudi kwake.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Kaandikwa kazi. Kapewa ruhusa. Mimi namfukuza mvamizi, simfukuzi mwajiriwa. Aliyemwandika amfute."

"Hakuna kitufe cha kufuta."

"Unasemaje wewe?"

"Niliweka cha kuongeza watu tu. Meneja alisema kufuta kutakuja baadaye." Fundi alikuwa anapekua simu. "Njia ni moja, kumhamishia mtu mwingine awe mwenzake wa zamu. Na lazima awe humu chumbani, ameandikishwa."

Mganga hakuwa ameandikishwa. Leo-Leo, aliyewafuata hadi mlangoni, alikuwa ameshakimbilia nje. Simu ikaleta majina mawili: la wifi, na la Fundi mwenyewe, aliyejiandikisha alipokuwa anaijaribu programu.

Shuka likapiga pa. Wifi akasogea hatua, shingo ameirudisha nyuma kama anayekwepa pumzi ya mtu. Kwenye picha yake yalibaki macho tu.

"Wifi," alisema, "mwambie kaka yako..."

"Mwambie mwenyewe!" Fundi alifoka. Usidhani ni mapenzi. Hawa wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ila angemtazamaje kaka yake? Akabonyeza jina lake. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

Shuka likaanguka sakafuni. Wifi naye akaanguka juu yake, akilia kwa sauti sasa, akifuta mikono kwenye gauni, na mikono ikakauka. Picha yake ilirudi yote, na tabasamu lake.

Mganga alifunga mkoba wake haraka, bila kumtazama Fundi usoni.

"Kwisha, wifi?" mke wa kaka aliuliza.

"Kwisha," Fundi alijibu. Akachukua pochi yake, akaenda mlangoni, akafungua. Akasogea pembeni, akaushikilia mlango wazi kwa muda, kama unavyomshikilia mtu anayekuja nyuma na mizigo mikononi. Kisha akatoka, akaufunga.