Hopsi za Fundi wa Lifti

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini. Alipandisha ghorofani mabosi na wafagiaji, wote sawa. Alipostaafu, akashindwa kupandisha mmea mmoja tu.

Mmea wenyewe ni hopsi. Hupanda juu kwa kujizungusha kwenye kamba. Maua yake ya kijani hutiwa kwenye bia, ili bia ipate uchungu na harufu. Mdogo wangu wa kiume hupika bia nyumbani kwake, na ndiye aliyetuletea kipande cha mzizi.

"Shemeji, otesha," alimwambia mume wangu. "Wewe ukivuna, mimi napika."

Sasa nielewe vizuri. Mzizi ule ulimwokoa mume wangu. Kabla yake alikuwa anashinda na pajama mpaka saa sita mchana, kazi yake kutazama ukuta. Baada ya kuupanda, alianza kuamka mapema, anatoka uani, ananiita nije kuona jani jipya. Nilifurahi jamani!

Mwaka wa kwanza tukapata majani tu. Mwaka wa pili majani tena, na yote yakalala chini. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu hakucheka. Ile pajama ikarudi.

Nami ulimi wangu hauna breki. Mwaka wa tatu ulipoanza nikamwambia, "Baba Pacha, mmea wako usipozaa mwaka huu, naung'oa. Ule ukuta wa uani nina kazi nao."

Akainuka, akaenda zake uani. Nilijuta palepale, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Mimi ni mshonaji. Siku moja jirani yetu alikuja nimpunguzie sketi. Yeye anafanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alikuwa amesimama juu ya kiti, mimi nina pini mdomoni. Akachungulia dirishani.

"Mama Pacha, nani kafunga waya kwenye hopsi?"

"Nani mwingine?"

Akashuka na pini zake zote, akatoka uani. Mume wangu alikuwa anakaza waya wa chuma.

"Waya huu unabeba watu wanane," alijisifu.

"Lakini Baba Pacha, hopsi haipandi na watu wanane," jirani alisema. "Hebu pitisha kidole kwenye shina hili."

Akapitisha. "Loo! Linakwaruza."

"Hivyo ni vinyweleo. Ndiyo mikono yake. Kwenye waya laini inateleza. Ipe kamba ya katani, ile yenye manyoya, ifike mpaka juu kwenye paa." Kisha akainama, akashangaa. "Na mbona mashina mengine umeyazungusha huku, mengine kule?"

"Ili yavutane sawa," mume wangu alijibu. "Kamba za lifti lazima zivutane sawa."

Jirani alicheka mpaka pini ikamchoma. "Hopsi ina njia moja tu! Ukiitazama kutoka juu, inazunguka kama mishale ya saa. Ukiizungusha kinyume, inajifungua yenyewe. Haya, machipukizi mangapi hapa?"

Tukahesabu. Ishirini na matatu.

"Bakiza matatu yenye nguvu. Mengine kata."

Mume wangu akarudi nyuma. "Nikate watoto wangu?"

"Wote wanakula sahani moja. Ndiyo maana hakuna anayeshiba."

Nikamletea mkasi. "Kata, Baba Pacha. Kitambaa kisipokatwa hakiwi gauni."

Akakata, moja moja, huku amefumba jicho. Nilimwonea huruma.

Jirani alimweleza na mengine. Atie samadi iliyooza vizuri. Maji amwage shinani, asilowanishe majani. Mmea ukishakua, atoe majani ya chini ili hewa ipite, ukungu usishike. Mume wangu aliandika kila neno kwenye daftari.

Basi hopsi ikaanza kupanda. Wiki hii iko kiunoni, wiki ijayo imenipita kichwa. Kabla joto halijaisha ilikuwa imefika kwenye paa. Halafu yakaja maua! Yalining'inia mashada kwa mashada, kila ua kama kidole gumba, lina magamba laini. Mume wangu alitaka kuvuna siku hiyohiyo.

"Subiri," jirani alimzuia. "Minya ua. Likibaki limebonyea, ni bichi. Likirudi lenyewe, likalia kama karatasi, na ndani ukaona unga wa njano wenye harufu kali, hapo vuna."

Kila asubuhi mume wangu alikwenda kuminya. Asubuhi moja akapiga kelele uani: "Yanalia! Mama Pacha, yanalia!"

Tulichuma kutwa, jirani naye akitusaidia. Mdogo wangu alikuja na kimfuko kidogo cha karatasi, uso umejaa utani. Akaona ndoo ya kwanza. Akaona ya pili, na ya tatu. Akakikunja kimfuko chake, akakitia mfukoni.

"Shemeji," alisema taratibu, "nimeshindwa. Sikucheki tena."

"Usisimame tu, beba ndoo," mume wangu alimjibu. "Tandaza maua kwenye wavu, chumba cha ndani chenye hewa. Juani harufu inakufa. Geuza kila siku. Kijiti cha katikati kikivunjika badala ya kupinda, yamekauka. Hapo yafunge kwenye mfuko usioingiza hewa, weka kwenye friza."

Alisema yote bila kufungua daftari. Jirani akaniminya mkono.

Yakabaki maua ya juu kabisa. Mume wangu akapanda ngazi, mikono yake imejaa unga wa njano hadi viwikoni. Mara nikasikia sauti. Alikuwa anaimba! Tangu astaafu sikuwahi kumsikia akiimba. Machozi yakanitoka, nami si mtu wa kulialia.

"Yale maneno yangu ya kung'oa, nisamehe," nilimwambia.

Akainamisha kichwa. "Umesema nini, Mama Pacha? Huku juu sisikii."

"Nimesema imba, baba! Ngazi nimeishika."